Dumu la Dua, Samburu hadi Majoreni

Wenzangu wa chama, mmenichosha. Tangu nirudi Ukunda, kila anayeingia dukani kupima nguo ananiuliza, "Fundi, ilikuwaje huko?" Nikianza kueleza, mmoja analeta habari za harusi ya mpwawe, mwingine anaulizia zipu yake. Nimefika Kinango mara nyingi katika masimulizi haya, na sijawahi kufikishwa Kwale. Basi nimeandika. Karatasi haina mdomo wa kunikatiza. Anayetaka kujua asome mpaka mwisho, na mwenye haraka zake atuwie radhi.

Kwanza mjue nilichokuwa nakifuata. Mama yangu anaishi Majoreni, ua mmoja na wanawe wawili wa kiume: kaka yangu Hamisi, ambaye ni maalim wa madrasa, na mdogo wangu Suleiman, mkulima wa matikiti. Katikati ya nyumba zao pana kisima alichochimba marehemu baba, na maji yake yalikuwa matamu hata watu wa mtaa wa pili walikuja kuchota. Suleiman akachimba kisima chake pembeni, akafunga pampu, akawa anamwagilia matikiti mchana kutwa. Kwetu bahari haiko mbali, na ukiyavuta maji ya chini kupita kiasi, chumvi inapanda. Kisima cha baba kikaingia chumvi. Hamisi akamwambia ndugu yake maneno, ndugu yake akamrudishia makubwa zaidi, na tangu siku hiyo hawasalimiani. Wanaswali msikiti mmoja, lakini mmoja akitoka mlango huu, mwingine anatokea ule.

Mama, ambaye kiharusi kilimwacha na mguu wa kushoto unaoburuta, akasusa. Siku ya Idi alituita sote barazani akasema, "Mimi maji ya ua huu sinywi tena mpaka nyinyi wawili mnichotee, kamba moja." Tulidhani ni hasira za siku mbili. Wapi! Tangu hapo anakunywa maji ya kununua kwa mtu wa mkokoteni, na mkokoteni usipokuja anakaa na kiu yake. Daktari kamwambia anywe maji kwa wingi. Yeye anajibu kwamba daktari hakuwazaa wale wawili. Huyo ndiye mama yangu, na sasa mnajua ubishi wangu nimeutoa wapi.

Mama Mbodze mnamjua, yule Mduruma anayeuza maharagwe na pojo mlango wa pili na duka langu. Yeye ni Mkristo, na kanisani kwao walifundishwa kutembea mzingile. Ni njia moja iliyochorwa chini, inayojizungusha na kujikunja mpaka inafika katikati. Haina kona za kumpoteza mtu. Unaingia na dua yako, unatembea polepole, katikati unakuta chombo cha maji, unatia maji kidogo uliyoyabeba, unatulia, halafu unarudi kwa njia ile ile uliyoingilia. Alikuwa akitembea hivyo mwanawe alipokuwa anaumwa, na mwana akapona. Nami nilipomweleza habari za mama, akaniambia: twende kwetu Samburu kwanza, maana bwawa letu linagombaniwa, tuwaombee watu wangu. Kisha tuchukue maji ya huko, tushuke nayo kituo kwa kituo, kila mahali tukiongezewa, mpaka kwa mama yako.

Nilijiuliza kama haya hayana ushirikina. Nikaona kwamba nitamwomba Mungu huyu huyu ninayemwomba juu ya mswala wangu, na mistari ya chini ni ya kuongoza miguu tu. Nikafunga duka.

Samburu: majivu

Samburu ya kwetu hii, ya Kinango, si ile ya kaskazini. Lori zinapita barabarani usiku na mchana, lakini ukiiacha lami ukaingia ndani kidogo, ni vumbi, miiba na mbuzi. Bwawa lilikuwa limebaki tope na dimbwi katikati. Wafugaji walikuwa wanawahi na ng'ombe alfajiri, akina mama wakija na madumu wanakuta maji yamekorogwa. Walikuwa wameshapigana. Mama mmoja alimtwanga ng'ombe kwa dumu, na mwenye ng'ombe, Mzee Ndurya, aliapa kwamba hatamsahau.

Nyumba zote zilitoa majivu ya jikoni. Nikafunga uzi kwenye kijiti, nikatoa utepe wangu wa kupimia, nikachora mzingile ule kama ninavyokata kanga, bila kurudia mstari. Msinicheke: ulitoka mzuri hata Mama Mbodze alinyamaza. Upana wa njia nikautia wa mtu mmoja, ili usikamate uwanja mkubwa. Nikatangaza sharti kwamba ndani ni kimya. Mtu na dua yake, asiseme na mtu.

Wakaingia, wafugaji kwa akina mama, wamechanganyika. Mambo yalikwenda vizuri mpaka waliotangulia walipoanza kurudi. Njia ni moja, kwa hiyo anayetoka lazima akutane na anayeingia. Na nani akakutana uso kwa uso na nani? Mzee Ndurya na yule mama aliyempigia ng'ombe wake. Mzee akasimama, akakita fimbo chini, akaanza kumwamkua. Akamuuliza hali yake, ya mumewe, ya watoto mmoja mmoja, ya mbuzi, ya mama mkwe. Yule mama akamjibu lote, kisha naye akaanza kuuliza ya kwake. Nyuma yao foleni ikasimama, na kwa kuwa wamesimama, nao wakaanza kuamkuana. Mzingile wote ukawa gumzo.

Nilikasirika. Nikapiga makofi nikawakumbusha kimya. Mama Mbodze akanivuta buibui, akaniambia kwamba huku mtu hampiti mtu bila kumwamkua, na kama nataka watu wanyamaze, niwasubiri walale.

Sisemi ugomvi wa bwawa umekwisha, mimi si muongo. Nasema jioni ile niliwaona Mzee Ndurya na yule mama wamekaa juu ya jiwe wakipanga nani achote lini, na fimbo ilikuwa chini. Wakatujazia dumu nusu. Maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa, na dumu lilikuwa la mafuta ya kupikia, kwa hiyo harufu mnaijua. Usiku tukapewa sima na maziwa ya mgando, nikala mpaka nikaona haya.

Barabara ya Kwale: askari na pua yake

Pikapu iliyotuchukua kutoka Samburu ilikuwa na mbuzi wengi kuliko watu, na kabla ya Kinango ikakata roho. Dereva akalala chini yake akawa anazungumza nayo. Tulipochoka kumsikiliza tukabeba dumu letu, kila mmoja mkono mmoja, tukashika njia kwa miguu. Jua lilituwakia kweli kweli. Mama mmoja aliyekuwa anapura mahindi uani kwake alitupigia kelele tuingie, akatupa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, akatuuliza tunakopeleka maji. Tukasema Majoreni. Akauliza kama Majoreni wamekaukiwa. Tukasema hapana, iko baharini. Akatutazama kwa huruma, akatuongezea muhogo.

Kinango tukapata boda, tukakaa mishikaki, watatu juu ya pikipiki moja, dumu mapajani mwangu. Karibu na Kwale askari akatusimamisha. Akamwacha dereva na makosa yake yote, akanikodolea mimi macho, au tuseme dumu langu.

"Mama, unapeleka mnazi wapi?"

Wenzangu, mimi Mwanajuma, na buibui langu, na tasbihi mkononi, naulizwa pombe ya mnazi! Nilishuka kwenye ile boda nikamwambia afungue mwenyewe anuse, na akisikia mnazi anitie pingu, na asiposikia aniombe radhi mbele ya watu. Akafungua, akanusa, uso ukamkunjika kwa harufu ya mafuta na tope. Mama Mbodze akamweleza kisa chote pole pole. Askari akamwita mwenzake aje asikie kwamba wako wanawake wanaotoa maji Samburu kuyapeleka pwani. Wakacheka mpaka wakashika magoti. Lakini aliomba radhi, nami nikaipokea. Kisha akachukua chupa yake ya maji, akamimina yaliyobaki ndani ya dumu letu, akasema na yeye aombewe, apate uhamisho arudi kwao bara.

Kwale mjini tulilala kwa rafiki yake Mama Mbodze, na asubuhi tukachora kwa kokoto nyuma ya nyumba yake. Walikuja majirani wachache tu, na mvua ikatufukuza mapema. Nakumbuka zaidi mahamri na mbaazi zake, nazi nzito, nikamwambia ahamie Ukunda tumfungulie hoteli.

Ukunda: nilipokamatwa na bibi harusi

Hapa wengine wenu mlikuwepo, lakini hamkujua yaliyokuwa moyoni mwangu. Nilipita dukani kubadilisha viatu tu. Nikafungua mlango nusu, na nusu ile ile akaingia Bi Riziki na bintiye wa kuolewa, gauni limembana kifuani na upindo unafagia sakafu. Nilimwambia nimo safarini kwenye dua. Akasema dua yake yeye ni gauni.

Nikakaa kwenye cherehani. Nilishona nimenuna, nafikiria mkokoteni kama umefika kwa mama au haukufika. Nikampigia simu Suleiman. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo dada," akasema mama yupo, hajambo, ila leo mkokoteni haujaonekana. Nikamuuliza kama amejaribu kumpa maji ya kwake. Akasema amejaribu, mama akageuza kikombe juu chini. Nikakata simu. Nikamaliza gauni, na likamkaa yule binti hata mamake akalia, kwa hiyo dua ya mtu mmoja ilijibiwa siku ile.

Diani: bamvua

Sasa nawaambia la aibu, maana najua Mama Mbodze ameshawaambia. Tulichora mzingile wa Diani mchangani, maji yakiwa yamekupwa mbali sana. Mchanga ule mweupe ulikuwa mzuri kwa kuchora, nikajiachia, nikautia mizunguko mingi. Kijana mmoja muuza vinyago akaja akauliza, "Mathe, hii ni mchezo ama ni maombi?" Nikamwambia vyovyote atakavyo, lakini avue viatu.

Wakaja wafanyakazi wa hotelini waliotoka zamu, wengi watu wa bara, na watalii kadhaa. Wao sharti langu la kimya walilishika barabara. Walitembea wameinamisha vichwa, wakikutana wanapindisha bega na kupishana bila kutazamana, kama watu wa foleni ya benki. Kimya nilichokitafuta Samburu nikakipata pale. Sikukipenda. Niliwatazama nikaona kila mtu ameingia peke yake na atatoka peke yake, nami sikuacha duka langu kwa ajili hiyo. Hapo hapo nikaamua: kuanzia kituo kinachofuata, unatembea kimya mpaka ukutane na mtu. Ukikutana naye, unamwamkua, ndipo unapita.

Wakati nayawaza hayo, bahari ikaja. Mimi, mjukuu wa wavuvi, mtoto wa Majoreni, nilikuwa nimesahau kwamba ni siku za bamvua na maji yanajaa mpaka juu. Wimbi la kwanza likafuta mlango, la pili likabeba sufuria yetu ya katikati ikawa inaelea kama mtumbwi. Watalii wakakimbia wakicheka, viatu vya watu vikasombwa. Nilitamani mchanga unimeze.

Katika vurugu ile nikageuka nikamwona Mama Mbodze ameinama majini na dumu letu, anatia kikombe cha maji ya bahari ndani. Akasema dumu haliwezi kupita baharini lisiionje bahari. Nikapandwa na hasira zote, za gauni, za bamvua, za mkokoteni.

"Chumvi ndiyo iliyowagombanisha ndugu zangu," nikamwambia, "na wewe unanitilia chumvi kwenye dua?"

Nikaongeza kwamba watu wa nyika wakiiona bahari wanapotewa na akili. Yeye hakupaza sauti. Akafunga kifuniko cha dumu, akasema, "Sisi tunagombana kwa sababu maji hatuna. Nyinyi mnayo, na bado mnagombana."

Hatukusemeshana tena. Waombaji wa amani wawili, usiku kila mmoja akauvuta mkeka wake ukutani.

Msambweni: makumbi na mkate wa sinia

Tulifika Msambweni tukiwa bado tumenuniana. Dumu tulikuwa tunapokezana bila neno, mmoja akiliweka chini, mwingine analiokota. Shangazi yangu, Bi Mwanaisha, alitupokea, akatutazama mmoja mmoja, akatuandalia wali wa nazi na mchuzi wa kamba kwenye sinia moja ili tule pamoja. Tukala pamoja, kila mmoja upande wake wa sinia.

Jioni nilichora uwanjani nje ya nyumba yake kwa makumbi ya nazi, ambayo Msambweni hayatafutwi. Kulipokucha, hakuna mtu anayekatiza uwanja. Mwenye gari la punda alifika akageuza punda wake. Akina mama waliokwenda sokoni wakapita nyuma ya nyumba. Habari zilikuwa zimeenea kwamba usiku mtu ameweka kago uwanjani, uganga wa kumzuia mtu asipite, tena kubwa, lina miduara, na katikati limewekewa chungu cha maji. Nikaanza kueleza kwa ufasaha wangu wote, na kila nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kurudi nyuma.

Shangazi hakueleza kitu. Akatoka na mkate wa sinia uliotoka jikoni saa ile na birika la chai, akaifuata njia yangu mzunguko kwa mzunguko mpaka katikati, akaketi kando ya chungu, akaanza kula. Akamega, akatafuna, akanywa chai, akamuuliza mwenye punda kama amekunywa chai. Watu wakaangaliana. Kago halikaliwi ndani mtu akala mkate. Mmoja akaingia, kisha wa pili, na haukupita muda uwanja ukajaa, na mkate ukaisha kabla sijaupata.

Nikatangaza sharti langu jipya, la kuamkuana. Nikaingia na mimi, nimebeba maji mkononi, nimemwombea mama. Nikapinda kona, na mbele yangu Mama Mbodze anatoka.

Nilisimama. Sharti ni langu mwenyewe, na watu wote wananitazama mimi fundi wa mzingile. Nikasema, "Habari za asubuhi, Mama Mbodze." Akasema nzuri, habari za kwangu. Nikamuuliza habari za Mbodze, akaniuliza habari za mama yangu. Nikamuuliza habari za maharagwe, akasema maharagwe hayajambo, yanauliza lini tutarudi. Hapo yeye akaanza kucheka na mimi nikaanza kulia. Nikamwambia chumvi ibaki dumuni. Akanishika bega, tukapishana, na maji ya mkononi yalikuwa yameshanimwagikia yote.

Majoreni: kamba moja

Tulifika Majoreni baada ya adhuhuri. Mama alikuwa barazani, midomo imemkauka kwa sababu mkokoteni ulikuwa umekosekana tena. Nikamuamkia, nikamtambulisha mgeni wangu, nikampa maji tuliyoyanunua njiani, akanywa kidogo. Kisha akataka kusikia habari yote, nami nikampa yote, na bamvua pia. Nilipofika kwa Mzee Ndurya na yule mama akanirudisha nyuma nimhadithie mara ya pili, nikadhani ni uzee.

Kaka Hamisi akaja akauliza, kwa upole wake, kama jambo hili halina doa katika dini. Nikamjibu kama nilivyojijibu mwenyewe mwanzo. Akasema hanikatazi, ila yeye haingii. Suleiman akasema kama kaka haingii, yeye ataingia vipi. Nikawaona wote wawili wananitumia mimi kuambiana.

Nilichora kwa maganda ya chaza, ambayo kwetu yamejaa kando ya nyumba. Huu nilichora tofauti. Sikuweka chungu katikati. Katikati nikakiweka kisima cha baba, na njia ikakizunguka mpaka kwenye mdomo wake. Upana wa mtu mmoja, kama Samburu. Majirani wakaja wakasimama ukutani. Maji ya dumu nitayasema sasa nisije nikasahau: Mama alisema maji yaliyotoka mbali vile hayafai kumwagwa ovyo, kwa hiyo tuliyamimina kwenye mlimau ulio kando ya kisima, yote, pamoja na ya askari na kikombe cha bahari, na Mama Mbodze akaomba kwa lugha yake na mimi kwa yangu.

Kisha Mama akamwambia Suleiman aende kisimani akaangalie kama ndoo imefungwa vizuri. Akamwambia afuate njia, asiruke mistari ya dada yake. Suleiman akaenda, mzunguko kwa mzunguko. Alipofika katikati, Mama akainuka na fimbo yake, akasema na yeye anakwenda kuomba. Mguu ule haumwezeshi peke yake. Akamwita Hamisi amshike mkono. Na kaka yangu aliyekuwa haingii, angewezaje kumkatalia mama yake mbele ya watu?

Wakaingia taratibu, mguu unaburuta, maganda yanalia. Suleiman alikuwa ameshageuka anarudi. Ndipo nilipoelewa kwa nini mama alitaka nimhadithie ya Samburu mara mbili.

Wakakutana kwenye kona iliyo upande wa mlimau. Njia ya mtu mmoja, na upande mmoja wamebanana wawili. Suleiman akasimama. Hamisi akawa anatazama kisima. Mama aliegemea fimbo tu, na mguu wa kushoto ukaanza kumtetemeka. Suleiman akautazama ule mguu, kisha akayatazama maganda ya chaza, ambayo mtu mzima anayavuka kwa hatua. Niliomba moyoni asivuke. Mama Mbodze aliushika mkono wangu mpaka ukauma.

"Shikamoo, kaka," Suleiman akasema.

Hamisi akageuza uso kutoka kisimani.

"Marahaba. Matikiti hayajambo?"

"Hayajambo. Pampu nimeizima leo."

"Leo tu?"

"Leo. Ya kesho tukae tuzungumze."

Hamisi akatikisa kichwa kukubali. Suleiman hakupita. Aligeuka, akaushika mkono wa pili wa mama, na wakaenda watatu ubavu kwa ubavu kwenye njia ya mtu mmoja, wakayasambaratisha maganda yangu huku na huku. Kazi yangu yote ikaharibiwa, na sijawahi kuona kazi yangu ikipendeza vile. Nilijivuna, wenzangu. Nilijivunia ndugu zangu, nikajivunia mkono wangu, na zaidi nikajivunia bibi kizee yule aliyewatega wanawe kwa adabu aliyowafunza mwenyewe.

Kisimani Hamisi akateremsha ndoo, Suleiman akashika kamba chini ya mikono yake, wakaivuta pamoja bila kutazamana, maana haya zilikuwa bado zimewajaa. Suleiman akachota kikombe. Hamisi akakipokea, akampa mama kwa mikono miwili.

Mama akasema bismillahi, akanywa. Ua mzima ulikuwa kimya, kimya kile ambacho sikukipata Samburu. Akanywa mpaka chini, akafuta mdomo kwa ncha ya leso, akawatazama wanawe.

"Bado yana chumvi," akasema. Kisha akanyoosha kikombe. "Nipeni kingine."